Waya Nyuma ya Mashuka

Asubuhi zote za Mama Dobi zilianza na maji. Alijaza beseni tatu, moja ya sabuni na mbili za kusuuza. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya wauguzi na ovaroli za mafundi. Uani kwake kulikuwa na kamba tano za kuanikia. Ikifika saa nne, ua ulijaa nguo hata mtu akibisha hodi alijibiwa na sauti tu, mwenye sauti haonekani.

Mumewe alikaa mlangoni, magongo yake yameegemea ukuta. Watu walimwita Masafa, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili aliendesha lori la safari ndefu. Lori lilipopinduka, mguu wake mmoja ulibaki hospitali.

"Siku hizi mimi ni Masafa Mafupi," aliwaambia wageni. "Kutoka kitandani hadi mlangoni."

Wageni walicheka. Mama Dobi hakucheka. Alijua kwamba wageni wakiondoka, mumewe atakaa kimya hadi jioni.

Zamani Masafa alikuwa na redio ya masafa mafupi. Ilimletea stesheni za mbali, za miji aliyokuwa akishusha mizigo. Redio ile ilikufa, na fundi akasema vipuri vyake havipatikani tena. Tangu hapo nyumba ilikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Siku moja binti yao alikuja na kompyuta kuukuu ya duka la kuchapa anakofanya kazi. Mkononi alikuwa na kijiti kidogo kama flashi.

"Baba, hii ndiyo redio yako mpya."

"Redio gani haina hata kitufe cha sauti?"

"Kazi yote inafanywa na kompyuta. Kijiti kinapokea mawimbi, programu inayageuza kuwa sauti. Muuzaji kasema kinashika kila kitu."

"Hata mama mkwe wangu akinisema?"

"Baba!"

Mama Dobi alikuwa akipiga pasi pembeni. Maneno yale, kinashika kila kitu, yalimkaa moyoni kama mwiba.

Kesho yake akaja jirani yao, Bwana Tiketi, aliyeuza tiketi za basi. Alifuata shati lake. Kutoka ndani alisikia sauti, shhhhh, kama mchele unaomwagwa.

"Shemeji, mle ndani kuna nini?"

"Redio ya kompyuta. Ndugu yako anaijaribu. Inashika kila kitu, eti."

Bwana Tiketi alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Chombo cha kushika kila kitu kinashika hadi mambo ya askari. Nimesikia kuna mtu alichukuliwa na redio yake na meza yake."

"Na meza?"

"Na meza, shemeji. Ushahidi."

Aliondoka na shati lake, akamwachia mwenzake hofu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile alipopigiwa simu kuhusu ajali ya lori, Mama Dobi alishtuka hata mlango ukigongwa kwa nguvu. Sasa kila aliposikia viatu vizito barabarani, mikono yake ilisimama ndani ya povu. Alihesabu hatua. Zikipita, alivuta pumzi na kuendelea kufua.

"Mume wangu, punguza sauti," alisema.

"Sauti gani? Hakuna kitu humu, ni upepo mtupu. Haka kaantena ni kadogo kama sindano. Panatakiwa waya mrefu wa nje."

"Nje? Watu wauone?"

"Ni waya tu, mke wangu."

Alitaka kukataa. Kisha akaona jinsi mumewe alivyoitazama kompyuta ile. Ndivyo alivyokuwa akiitazama barabara kabla ya kuwasha gari. Moyo ukamlainika. Akaamua kwamba waya utawekwa, lakini utafichwa.

Alitafuta mahali pasipoonekana kutoka getini. Nyuma ya kamba ya tano, mashuka yaliziba kila kitu. Huko ukutani kulikuwa na bomba la chuma, pale nyaya za umeme zinapotoka kwenye nguzo na kuingia ndani ya nyumba. Alipanda stuli. Akafunga waya wa shaba kwenye bomba kwa kipande cha kamba, akauvuta hadi dirisha la mumewe. Juu ya kichwa chake, kiasi cha mkono mmoja, zilipita nyaya za umeme.

"Akiuona mtu, atadhani ni kamba ya nguo," alijiambia. Akamwomba Mungu awasitiri, akashuka ametulia kidogo. Hofu yake yote ilikuwa getini. Juu hakutazama.

Jumamosi kukawa na upepo. Mawingu yalijikusanya upande mmoja wa anga, mashuka yakajaa hewa na kupiga makofi. Ndani, Masafa alikuwa amevaa vipaza sauti vya masikioni, amekaa mbele ya kompyuta.

Mara Mama Dobi akaona kamba pale bombani imelegea. Waya wa shaba ulikuwa unapanda na kushuka na upepo, unang'aa. Sasa ulionekana hata kutoka barabarani! Na getini kulikuwa na viatu vizito.

Hodi haikusubiri jibu. Mama Dobi alikamata blanketi lililolowa, likimvujia maji hadi miguuni. Alitaka kulitupa juu ya waya aufunike. Akanyoosha mikono.

"Dada, simama! Usiguse!"

Alikuwa Mama Mnara, mteja wake wa ovaroli, fundi mwanamke anayepanda minara ya simu. Viatu vizito vilikuwa vyake.

"Usisogee mbele. Rudi nyuma. Polepole. Blanketi liangushe hapo hapo."

"Ni kamba tu ya nguo," Mama Dobi alisema. Uongo haukumkaa kinywani.

"Tazama juu."

Alitazama. Upepo ulikuwa umeurusha waya hadi kwenye nyaya za umeme, ukajinasa hapo. Zile nyaya zilikuwa za zamani. Ngozi yake ya plastiki imeliwa na jua, na mahali pamoja chuma kimebaki wazi.

"Waya huu unaishia wapi?" Mama Mnara aliuliza.

Mama Dobi aligeukia dirisha. "Kwa mume wangu."

Alitaka kukimbia auvute waya autoe. Mama Mnara alimshika mkono kwa nguvu. "Ukiuvuta utakufa wewe kwanza, na yeye hutakuwa umemsaidia. Mwite."

"Baba!" Mama Dobi aliita. Haikusikika. Upepo ulikuwa unavuma, na yeye ana vitu masikioni. "Masafa! Masafa!"

Kwenye dirisha walimwona akigeuka, anatabasamu. "Leo kuna kitu!" alipaza sauti. "Skrini imejaa rangi nyekundu, panavuma kama nyuki. Ngoja nikaze huu waya hapa nyuma..."

Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye kijiti.

"USIGUSE!" Mama Dobi alipiga ukelele hata kuku wa jirani wakatawanyika. "Mume wangu, kwa jina la Mungu, usiguse kitu chochote! Waya una umeme!"

Mkono ulibaki hewani. Tabasamu likamtoka.

"Vua hivyo vya masikioni, shemeji," Mama Mnara alisema kwa utulivu. "Nyanyuka. Usishike meza. Toka chumbani kwa mlango wa mbele."

Gongo moja lilikuwa limeanguka chini ya meza. Masafa aliliangalia, akaliacha. Aliruka kwa mguu mmoja, mkono ukutani, hatua moja, hatua nyingine. Mama Dobi alikuwa amezunguka hadi mlango wa mbele. Alimpokea kifuani kama mzigo wa nguo, wote wawili wakakaa chini kwenye vumbi.

Mama Mnara alipigia simu watu wa umeme. Hadi walipofika, alisimama kati ya ua na njia, asimruhusu mtu kupita. Walikuja wakiwa na glavu nene na ngazi isiyo ya chuma. Mmoja alisogeza kipimo kirefu karibu na waya wa shaba. Taa yake ikawaka nyekundu.

"Waya una umeme," alisema. "Nani aliufunga hapa?"

Mama Dobi akainua mkono, kama mtoto darasani.

Umeme ulipokatwa na waya kuondolewa, walikaa wote watatu sebuleni. Chai ilipoa bila kuguswa.

"Mbona kompyuta haikuungua?" Masafa aliuliza.

"Ilikuwa inatumia betri, iko juu ya meza ya mbao. Umeme haukuwa na njia ya kwenda ardhini. Ulikuwa unangoja njia." Mama Mnara alimtazama. "Njia ingekuwa wewe. Au mkeo na blanketi lake la maji."

Mama Dobi akaanza kulia. "Ni mimi. Niliuficha. Niliogopa wasije kutuchukua kama wapelelezi. Bwana Tiketi aliniambia kuna mtu alichukuliwa na meza yake."

"Na meza?" Mama Mnara aliuliza.

"Na meza."

Mama Mnara alijizuia, akashindwa, akacheka. "Dada yangu, kijiti hiki ni sikio. Hakina mdomo. Kinapokea tu, hakirushi chochote. Ila sheria za kusikiliza hutofautiana nchi na nchi. Usiulize wauza tiketi. Nenda ofisi ya mawasiliano uulize wenyewe."

Akakigeuzageuza kijiti. "Na hiki hata kingepewa waya wa maili moja, kisingekupa masafa mafupi. Kinaanzia juu mno, kwenye megahezi ishirini na nne, ndicho kipimo cha mawimbi. Stesheni za mbali ziko chini ya hapo. Kabla ya kununua, usiulize kama kinashika kila kitu. Uliza kinaanzia megahezi ngapi, na kama kinapokea masafa mafupi chenyewe, bila kifaa kingine."

Jumatatu Mama Dobi alikwenda ofisini. Viganja vilimlowa jasho kuliko siku ya kufua. Karani alimuuliza swali moja tu: "Kinarusha au kinapokea?"

"Kinapokea tu, mwanangu."

"Hapa kwetu stesheni za matangazo sikilizeni bila wasiwasi. Mazungumzo ya watu yasiyowahusu, msiyafuatilie, msiyarekodi wala kuyasambaza."

"Basi?"

"Basi, mama. Ulidhani nini?"

Hakumwambia alichodhani.

Binti alikirudisha kijiti dukani, akaongeza kidogo, akapata kinachopokea masafa mafupi. Alimfanya muuzaji akijaribu mbele yake. Programu aliichukua kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe. Tovuti nyingine iliyomwambia azime kwanza kinga ya virusi, aliikimbia.

Waya mpya waliuweka upande wa pili wa nyumba, mbali na umeme. Mama Mnara alipima kwa hatua.

"Upepo ukiukata, uanguke upande wowote, usiweze kufika kwenye nyaya za umeme," alisema. "Ukiweza kufika, hapo si mahali pake."

Walitumia waya wenye ngozi ya plastiki na nguzo mbili za mbao. Katikati Mama Dobi alifunga vitambaa vyekundu. "Hapa haianikwi hata leso," alisema.

"Na ukiona wingu la radi?" Mama Mnara aliuliza.

"Naung'oa kutoka kwenye kijiti, mwisho wake natupa nje."

"Usisubiri ngurumo. Ukishaisikia, umechelewa, usiuguse tena."

Redio ilipowashwa, shhhhh ikaja tena. Binti alizima chaja ya simu na taa moja iliyokuwa inaleta kelele. Akapunguza nguvu ya kupokea, iliyokuwa imepandishwa hadi mwisho. Masafa alisogeza mshale taratibu kwenye skrini. Mama Dobi alisimama nyuma yake, ameshika kiti, bado anaogopa.

Sauti ya mtu ikatoka. Mbali, ikipanda na kushuka kama inavuka milima, lakini ni ya mtu. Ilitaja jina la mji.

Masafa aliuacha mshale pale pale. "Mji huo naujua," alisema. "Pale kwenye mizani ya malori. Tulilala foleni siku tatu. Kulikuwa na mpimaji mmoja, tumbo mbele kama beseni, mizani ikisoma vibaya anasema dereva ndiye kanenepa..."

Akasimulia. Binti alicheka hadi akashika mbavu. Mama Dobi alikuwa hajasikia maneno mengi hivyo kutoka kinywa kile tangu ajali.

"Hodi!" Viatu getini. Mama Dobi alishtuka, mkono kifuani. Kisha alitoka uani, akalisogeza shuka kwa mkono wake mwenyewe, akaonekana.

"Shemeji, ule waya wenye vitambaa vyekundu ni wa nini?" Bwana Tiketi aliuliza.

"Antena. Karibu usikilize. Lakini usiuguse."

Kabla jirani hajaketi, Mama Dobi alitazama juu. Kwa mbali, juu ya mapaa, wingu dogo jeusi lilikuwa linainuka.

"Masafa, toa waya."

"Dakika moja, mke wangu, wanasoma habari."

"Hakuna dakika."

Masafa akautoa, akautupa nje ya dirisha. Redio ikanyamaza. Muda mrefu baadaye mvua ikashuka, radi ikapiga, na Mama Dobi akakaa amejikunja kwenye kiti, akitetemeka kila mwanga ulipopita. Kando yake mumewe alikuwa bado yuko mizani, foleni ya malori haijasogea, anasimulia.