Esteria na Jaketi Mpya

Kengele ya mapumziko ilipolia katika shule moja ya msingi ya Ilembo, mjini Mpanda, wanafunzi wa darasa la sita walikuwa na mambo mawili ya kukimbilia: uji na Esteria. Wengi walianza na Esteria, na uji ukapoa.

Esteria Manyanda alikuwa fundi wa kuhadithia picha za video. Mwaka ule wa 1998, nyumba zenye televisheni pale mjini zilihesabika kwa vidole. Picha zilikuja kwa treni kutoka Tabora zikiwa kwenye mikanda, zikaonyeshwa katika banda la Mzee Leodgar, karibu na soko. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Lakini shangazi yake Esteria, Natalia, alikuwa akikaanga mihogo mlangoni pa banda lile, na Esteria alimsaidia kila alipotoka shule. Pazia la mlangoni lilikuwa fupi, basi jicho moja la Esteria lilikuwa kwenye mihogo na jingine lilikuwa ndani. Mara nyingi mihogo iliungua.

Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Jaketi. Jina halisi la shujaa wake hakuna aliyeweza kulitamka. Watoto walimwita hivyo kwa sababu stelingi wa picha ile, baba mmoja mwenye ndevu nyingi, hakuvua jaketi lake la ngozi hata jua liwake namna gani. Ilikuwa picha ya mfululizo ya zamani, iliyorekodiwa kutoka televisheni ya nchi za mbali kabla Esteria hajazaliwa. Rangi zake zilikuwa zimefifia na sauti ilikwaruza, lakini nani alijali? Esteria alipoihadithia, alirusha ngumi hewani, alinguruma kama pikipiki, alianguka chini akawa adui, kisha akasimama akawa Jaketi.

Wanafunzi walikuwa na sheria moja kuhusu kuhadithia. Kabla ya kuanza, ilikupasa kuinua kidole na kuapa: "Haki ya Mungu, nimeiona kwa macho yangu." Aliyehadithia picha ya kusikia kwa watu aliitwa redio mbovu, na hakupewa nafasi tena. Esteria alikuwa hajaitwa hivyo hata mara moja, na jambo hilo alijivunia sana.

Siku moja Mzee Leodgar aliwatangazia wateja wake habari kubwa. "Jaketi imetengenezwa upya!" alisema. "Watu wapya, pikipiki mpya, kila kitu kipya. Mkanda unakuja na treni. Nakaa nao wiki hii tu, kisha unarudi Tabora."

Darasa la sita lilikuwa halishikiki. Kila mtu alijua kwamba Esteria angeiona, na siku ya pili yake wao wangesimuliwa.

Wiki hiyohiyo, mpunga wa akina Esteria ulianza kuiva bondeni. Ndege walishuka kwa makundi asubuhi na jioni. Mama yake, ambaye Esteria alimwita Mayu kama Wasukuma wengine, hakutaka maneno mengi.

"Ukitoka shule, moja kwa moja bondeni ukaamie ndege, uwafukuze wasile mpunga," alisema.

"Lakini Mayu, shangazi atabaki peke yake na mihogo!"

"Shangazi yako alikaanga mihogo kabla wewe hujazaliwa. Tukiwaachia ndege mpunga, mwaka huu tutakula hiyo video?"

Basi Jaketi mpya akapigana bandani, naye Esteria akapigana na ndege bondeni. Alirusha mabonge ya udongo, akapiga debe, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Moyoni aliumia sana.

Asubuhi iliyofuata, mapumziko yalipofika, wenzake walikuwa wamekwisha kaa duara wakimngoja. Maiko, mtani wake mkubwa, alikuwa amekaa mbele kabisa. Maiko alikuwa wa kabila la Wapimbwe, na kila siku alimtania Esteria kwamba Wasukuma, kwa kupenda ng'ombe, walizaliwa zizini.

"Haya, binti wa ng'ombe," alisema. "Tupe Jaketi mpya. Umeiona?"

Hapo ndipo angesema hapana. Neno lilikuwa fupi tu. Lakini Esteria alizitazama zile nyuso, akaona aibu kuzivunja moyo, na zaidi ya hapo akaogopa kwamba kesho wangemngoja mtu mwingine. Kidole chake kikainuka.

"Haki ya Mungu, nimeiona kwa macho yangu."

Akaanza. Alichukua ndevu za Jaketi wa zamani akazipunguza kidogo, akampa pikipiki mpya, kisha akili yake ikamchemka na maneno yakaja yenyewe. Alisema Jaketi alifukuzwa na maadui mpaka juu ya treni. Alining'inia kwenye ngazi ya behewa la mwisho. Akageuka, akatanguliza mgongo, akafumba macho, akajiachia! Akabingirika mara moja, akasimama, akajikung'uta vumbi na kwenda zake.

Watoto walipiga kelele za furaha. Maiko peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anafikiri.

"Unatanguliza mgongo?" aliuliza.

"Mgongo. Ndiyo siri yake."

"Na haumii?"

"Stelingi anaumia wapi, Maiko?"

Esteria alirudi darasani amejaa raha. Haikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuhadithia? Kile kiapo kilimchoma roho kidogo, lakini akakipuuza.

Ijumaa alasiri, akiwa njiani kwenda bondeni, alisikia anaitwa. Alikuwa Agape, rafiki yake wa dawati moja, anahema.

"Maiko na wenzake wako relini," alisema Agape. "Treni ya mizigo inaondoka sasa hivi. Maiko anasema atadandia behewa la mwisho, halafu aruke kama Jaketi. Wameshawekeana ahadi."

Esteria alijua kitu ambacho Maiko hakukijua: hakuna mtu yeyote, hata wa kwenye video, aliyewahi kuruka namna ile. Siri ya mgongo ilitoka kichwani mwake, kwenye mchana mmoja wa uongo. Akakimbia kuelekea relini.

Aliwakuta wavulana wamejibanza kwenye majani, mahali treni zinapopita polepole zikitoka stesheni.

"Maiko, usiruke!" alisema. "Nilidanganya. Sikuiona ile picha. Nilikuwa bondeni naamia ndege."

Wavulana walicheka.

"Katumwa na mama yake Maiko," alisema mmoja wao.

"Uliapa, Esteria," alisema Maiko. "Uliinua kidole, sote tumekuona. Leo unataka kusema uliapa uongo? Wewe?"

"Ndiyo, mimi!"

"Mwongo gani anakumbuka mpaka siri ya mgongo? Nenda zako. Nyie wasichana mnaogopa tu."

Esteria alitamani kulia. Alikuwa amehadithia vizuri mno, sasa ukweli wake haukuwa na mnunuzi. Pale stesheni, injini ilikuwa imeanza kunguruma.

Akageuka akakimbilia banda la video kumwita mtu mzima. Shangazi Natalia alishtuka kumwona, mwiko mkononi, mafuta yanachemka.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Shangazi, Maiko anataka kuruka kutoka kwenye treni kwa sababu yangu! Nilisema Jaketi mpya aliruka, na mimi sijamwona hata alivyo!"

Mzee Leodgar alitoka ndani kusikiliza. "Aliruka kwenye treni?" aliuliza. "Mbona kwenye mkanda huu hakuna treni?" Akarudi ndani, akatoka na ganda la mkanda lenye picha, lililokuwa juu ya deki ya video, akampa. "Jaketi mpya ndiye huyu hapa."

Esteria alilitazama. Jaketi la ngozi lilikuwa lilelile. Lakini aliyelivaa alikuwa mwanamke, nywele amezifunga nyuma, ameshika usukani wa pikipiki. Hakuwa na ndevu hata moja.

Hakungoja kuomba ruhusa. Alitoka mbio na lile ganda, na nyuma yake akasikia shangazi naye anakimbia, anapiga kelele, mwiko bado mkononi. Mihogo ilibaki inaungua.

Treni ilikuwa imekwisha kuanza kutambaa. Mabehewa yalipita moja baada ya jingine, yakigongana. Behewa la mwisho lilipofika, Maiko alichomoka kwenye majani, akarukia ngazi, akaning'inia.

"Maiko!" Esteria alikimbia kando ya reli, ganda la mkanda juu. "Tazama! Huyu ndiye Jaketi mpya! Ni mwanamke! Mimi nilisema ana ndevu! Nilidanganya, Maiko, hakuna siri ya mgongo!"

Maiko aliangalia. Aliangalia ile picha, akamwangalia Esteria aliyekuwa analia huku anakimbia, na uso wake ukabadilika. Treni bado ilikuwa ikienda kama mtu anayetembea. Akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akaiachia ngazi. Hata hivyo aliyumba, akaanguka kwenye kokoto, akachubuka goti na kiganja.

Shangazi Natalia akawafikia. Alimwinua Maiko, akampapasa mikono na miguu, kisha akatazama ile treni inavyoongeza mwendo.

"Umechubuka hivi, na treni haijafikia hata mwendo wa baiskeli," alisema. "Ungengoja ichanganye mwendo, ukatanguliza huo mgongo, mama yako ningemwambia nini?"

Kisha mmoja wa wavulana akanong'ona: "Redio mbovu." Wengine wakalirudia neno hilo kwa sauti kubwa zaidi. Esteria hakujitetea. Lilimuuma sana, lakini Maiko alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, na hilo alilifurahia kuliko kitu chochote.

Jumatatu, Shangazi Natalia alimpeleka kwa mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Pudensiana. Mwalimu alisikiliza yote, kisha akamwambia Esteria ayaseme mwenyewe mbele ya wenzake. Aliyasema. Aliyamaliza bila kuruka hata moja. Alipewa adhabu ya kumwagilia bustani ya shule, na Maiko akapewa adhabu hiyohiyo kwa kuchezea treni.

"Nani ana neno?" aliuliza Mwalimu.

Maiko aliinua mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Mwalimu, mimi nilikasirika sana," alisema. "Bado nina hasira. Lakini alipokuja kule relini alijua tutamcheka, na akaja. Na ile hadithi ya treni..." Alisita, akajikuna kichwa. "Alitunga mwenyewe yote?"

"Yote," alisema Esteria kwa sauti ndogo.

"Basi nataka kujua wale maadui walikwenda wapi."

Darasa zima likacheka, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Esteria naye akacheka. Mwalimu Pudensiana alingoja wanyamaze.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Hao waliotengeneza Jaketi upya walichukua hadithi ya zamani wakaibadilisha, na hakuna anayewaita waongo, kwa sababu wametuambia wazi kwamba ni mchezo. Kutunga ni kipaji, na Esteria anacho. Kosa lake ni kidole alichokiinua. Ukisema umeona usichokiona, mwenzako ataukanyaga uongo wako akidhani ni ardhi. Na siku utakapotaka kumwokoa kwa ukweli, hatakuamini. Esteria ameliona hilo. Ninyi lioneni kupitia kwake, msingoje treni nyingine."

Kisha akavuta kiti chake, akakaa miongoni mwa wanafunzi.

"Haya, Esteria. Sema kwanza ukweli wako, halafu utuambie maadui walikwenda wapi."

Esteria alisimama mbele ya darasa. Mikono yote miwili aliishusha.

"Hii sijaiona popote," alisema. "Nimeitunga mwenyewe."

Na Maiko akasogeza kiti chake mbele ili asikie vizuri.