Kamba ya Baba na Ubao wa Kuruka

Kila siku akitoka shuleni, Koleta huvua sare, hufagia uwanja, huchota maji bombani, kisha huosha chupa za asali ambazo mama yake huuza kibandani hapo Isevya, mjini Tabora. Baba yake, Anton, ni mrina asali. Mizinga yake imetundikwa juu kabisa ya miti mirefu, msituni upande wa Sikonge, na haifikiwi ila kwa kamba. Kamba hiyo hukaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata kuanikia nguo.

Ijumaa moja chupa hazikuoshwa. Mwalimu Egidi alikuwa amewaonyesha darasa la sita video ya mtu aliyesimama juu ya ubao wenye mafeni, akapaa juu ya ziwa kama mwewe. Kisha akawapa kazi: kila kikundi kieleze ubao wa namna hiyo, siku ukifika Tabora, utafaa kwa michezo gani na kwa kazi gani.

"Mashindano juu ya Bwawa la Igombe," alisema Shaban wa kikundi cha Koleta. "Mnaruka hadi ng'ambo na kurudi. Wa kwanza anachukua kombe."

"Na betri ikikuishia katikati?" Mwanne, mwenzao wa tatu, aliuliza.

"Naogelea."

"Wewe? Hata kwenye beseni unashika ukingo."

Wakacheka. Mwanne aliutaka ubao upeleke dawa vijiji vya Ulyankulu wakati mvua imekata barabara. Shaban akasema mababu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, miezi na miezi kwa miguu. Basi wajukuu wapite juu, nyayo zipumzike. Koleta alingoja wamalize.

"Mimi nataka baba asipande mti tena," alisema. "Asimame juu ya ubao, arine, ashuke."

"Upepo wa mafeni hautawachokoza nyuki?" Mwanne aliuliza.

"Hilo tutalifikiria."

Walitaka kuwaonyesha wenzao jinsi mtu anavyosimama akiyumba hewani. Shaban alileta ubao wa kitanda kibovu. Ilibaki kamba, na Koleta alijua kamba iko wapi.

Waliuning'iniza ubao kwa kamba hiyo kwenye goli la chuma la uwanja wa shule, wakasimama juu yake kwa zamu jioni nzima, mikono wameitandaza. Walipofungua kamba ndipo Koleta alipoona. Chuma kilichochomelewa vibaya kilikuwa kimeila. Msokoto mmoja ulikuwa umekatika, na mwingine umebaki manyoya.

"Itashika tu," alisema Shaban. "Ukimwambia, atakuchapa."

Koleta aliikunja kwa duara pana, kama baba anavyoikunja, sehemu mbovu akaificha ndani. Akairudisha kwenye msumari. Atasema baada ya kula, aliwaza. Baada ya kula baba alikuwa na furaha, anasimulia habari za sokoni. Basi atasema asubuhi.

Asubuhi msumari ulikuwa mtupu. Mrina asali huondoka alfajiri, bila kuoga kwa sabuni, maana nyuki hawapendi harufu. Baiskeli nayo haikuwepo.

Mama alikuwa anachuja asali. Koleta alisimama mbele yake, akasema yote kwa pumzi moja. Mama hakupiga kelele. Alifuta mikono, akachukua simu. Namba ya baba haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akampigia Nestory, mwenye duka kijiji cha mwisho kabla ya msitu.

"Shemeji, Anton amepita?"

"Amepita zamani, amekunywa chai hapa."

"Mfuate. Kamba yake mbovu. Asipande."

"Shemeji, msitu ni mkubwa."

"Najua ni mkubwa. Nenda."

Kisha hapakuwa na la kufanya. Koleta alitaka kukimbia, lakini akimbilie wapi? Aliosha chupa za jana, akaziosha tena. Wateja walikuja, wakatania, wakaondoka. Kila kengele ya baiskeli ilimsimamisha, na kila baiskeli ilipita. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kushuka. Simu ya Nestory nayo haikupatikana tena. Machoni pa Koleta baba alikuwa akipanda, akipanda, na kamba ikifumuka uzi mmoja mmoja.

"Mama, nifanye nini?"

"Hakuna," alisema mama. "Ulichokuwa na uwezo wa kukifanya kilikuwa jana. Kaa hapa tungoje."

Wakakaa. Mama alishika kitambaa cha kuchujia, akakikamua, akakikamua tena, ingawa kilikuwa kikavu.

Jua lilikuwa linazama baba alipoingia akikokota baiskeli. Koleta alisema shikamoo. Baba aliketi, akamwekea kamba mapajani. Pale palipoliwa, nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa zimeshikana.

"Mti wa kwanza nilipanda na kushuka," alisema. "Nafunga kamba mti wa pili, Nestory akatokea, anahema, pikipiki ameiacha ng'ambo ya korongo."

"Hukuikagua?" mama aliuliza.

"Mimi huikagua kila siku. Leo niliikuta imekunjwa kwa mkunjo wangu, nikajua hakuna aliyeigusa." Alikunywa maji, akakirudisha kikombe chini.

Koleta akalia. "Nisamehe, baba. Nilitaka usipande tena miti."

"Nimekusamehe. Tena kuchukua kamba kulikuwa kosa dogo. Kuificha ndiko kulikotaka kuniua. Na kama ungenyamaza hata leo, sasa hivi mngekuwa mnanitafuta."

Mama alileta chakula. Kamba nyingine ingenunuliwa, alisema, na Koleta na wenzake wangesaidia kuosha chupa hadi msimu uishe. Baba alikula kidogo, kisha akamtaka binti yake amweleze habari za huo ubao. Koleta alieleza: bwawa, dawa, mizinga.

"Wazo lenu zuri," alisema baba. "Siku ukifika, mimi wa kwanza kuupanda. Lakini hata huo utakuwa na kitu kinachochakaa: feni, betri, sijui. Atakayekiona kimechakaa akakaa kimya, atamwangusha mwenzake, awe juu ya mti au juu ya mawingu. Mkisimama mbele ya darasa, anzeni na hilo."