Kichochoro cha Nyuma ya Kinu

Kisa hiki nilisimuliwa na mama wa mtoto mwenyewe, mwaka jana mwezi wa nane, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukingoja kupimwa macho. Foleni ilikuwa ndefu na mama yule ana maneno matamu, kwa hiyo nilikipata chote, tangu mwanzo hadi mwisho. Nakiandika kama nilivyokipata.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Kila asubuhi alifagia, akaosha vyombo, akajimwagia maji na kuvaa sare, yote hayo kabla mama yake hajarudi kutoka kazini. Mama alikanda mikate usiku katika kiwanda cha mikate, na alirudi wakati wenzake wanaamka. Wakikutana mlangoni, mama hutupa jicho sakafuni.

"Mwanangu, huu ufagio umepita au umesalimia tu?"

"Umepita, mama. Ulikuwa na haraka."

Mama hucheka, akaingia kulala, na Chapuchapu akashika njia ya shule.

Muhula ule, masomo yakiisha, hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwenye ukumbi wa shule, ambako turubai jeupe lilitandikwa sakafu nzima, kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake Fundi Rangi, mama wa makamo aliyeandika mabango ya maduka yote ya mtaani, alikuwa ameuchora mtaa wao: nyumba, maduka, kinu cha unga, zahanati, na barabara kuu yenye ngazi zake za saruji. Ulikuwa mchoro wa kukufanya utafute mlango wa kwenu na kuucheka.

Shabaha haikuwa kupamba ukumbi. Ofisi ya mji ilitaka kuupanga mtaa upya, ijenge vibanda vya soko na kuchimba mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Mtaro huo watu waliulilia, maana kila masika maji yaliingia vyumbani bila hodi. Ofisi ilikuwa na programu ya akili bandia, inayotazama picha zilizopigwa kutoka angani na kuchora mpango mzima kwa dakika chache.

"Lakini picha ya angani inaonyesha mapaa tu," afisa mipango, dada mmoja mwenye miwani, aliwaeleza watoto siku ya kwanza. "Haionyeshi watu wanapita wapi, wala kwa nini. Hayo kompyuta haiyajui. Nyinyi ndio mtakaoiambia."

Kwa hiyo kila nyumba ilichora njia zake juu ya turubai. Rangi ya buluu ilikuwa ya kwenda kuteka maji, nyekundu ya zahanati, na njano ya kazini au shuleni. Turubai likishajaa litapigwa picha, kompyuta isome rangi na kuhesabu mistari. Wengi walikuja kuchora wenyewe, wakibishana na kutaniana. Wasioweza kuja, watoto waligawiwa nyumba zao, na Fundi Rangi aliwapa sharti moja.

"Msichore njia ya kuelezwa kwa mdomo. Toka na mtu mlangoni kwake, tembea naye mpaka anakokwenda, ndipo urudi uchore."

Chapuchapu alijiapiza kumaliza wa kwanza. Rafiki yake, ambaye watoto walimwita Kinyonga kwa mwendo wake, hakuwa na haraka hiyo.

"Umefika nyumba ngapi?" Chapuchapu alimuuliza.

"Nne."

"Mimi kumi na mbili."

"Basi angalia, utakuja kuipita hata miguu yako mwenyewe."

Siku ya Jumatatu Chapuchapu alibakiza nyumba saba, zile zilizopangana nyuma ya kinu, mojawapo ya bibi mmoja anayetembea kwa magongo. Jua lilikuwa kali na kule ni mbali. Akachuchumaa kando ya turubai, akazitazama. Kutoka kwenye milango ile hadi barabara kuu palikuwa na shibiri moja tu ya rangi. Watapita wapi kwingine, alijiambia. Akachukua brashi, akavuta mistari ya nyumba zote saba, buluu, nyekundu na njano, yote imenyooka kwenda barabara kuu.

Fundi Rangi alikuja, akainama kuitazama. "Zile saba za nyuma ya kinu pia umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hata bibi wa magongo?"

"Hata yeye."

Jumatano alasiri, turubai likiwa limeshapigwa picha na kukunjwa kando, ukumbi ulijaa. Mpango mpya ulionyeshwa ukutani kwa projekta, na watu walipoona mtaro mkubwa ukikatiza mtaa mzima, walipiga makofi. Halafu afisa mipango akaonyesha vibanda vya soko. Vilipangwa kwenye kichochoro kinachopita nyuma ya kinu hadi zahanati, kikazibwa chote.

Bibi wa magongo alikuwa ameketi mstari wa mbele. "Samahani, mwanangu," alisema. "Mimi nitapita wapi kwenda zahanati?"

"Barabara kuu, bibi, kama mnavyopita sasa. Kompyuta imesoma kwamba nyumba zenu zote saba zinapita huko."

"Nani kasema? Barabara kuu ina ngazi kumi na tisa. Tangu nivunjike nyonga sijaikanyaga hata moja."

Minong'ono ikaanza, ikawa kelele. Mwenye kinu cha unga alisimama, nywele zake nyeupe kwa vumbi la kazi. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Dude halijawahi kuwa na bibi, litajuaje bibi anapita wapi?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha hasira. "Limetudanganya," mwingine alidakia. "Mpango wote ufutwe. Waende na kompyuta yao, na huo mtaro wao."

Afisa mipango alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo. "Huenda kweli programu imesoma vibaya," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui kosa liko wapi."

Chapuchapu alikuwa ameegemea ukuta, na hakuna aliyemtazama. Alijua kosa liko wapi. Alijua pia kwamba akinyamaza, lawama yote itaishia kwenye kompyuta, na kompyuta haina mdomo wa kujitetea. Lakini mpango ukifutwa, mtaro hakuna, na masika ilikuwa imebaki miezi miwili. Mwaka uliopita mama yake alilala akiwa amekaa, godoro likiwa juu ya kabati. Na mpango ukipita ulivyo, bibi yule atafungiwa nyumbani kwake. Hata sasa alikuwa akihesabu kitu kwenye vidole vyake, polepole, kama mtu anayetafuta pa kupitia.

Chapuchapu alitoka ukutani. Akapenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Kompyuta haijakosea," alisema. "Mimi ndiye niliyeidanganya. Sikwenda kwenye nyumba zile. Nilikisia."

Fundi Rangi alimsogelea. "Mimi nilikuuliza."

"Ndiyo, fundi. Na wewe nilikudanganya. Nisamehe. Nisamehe na wewe, bibi."

"Kumbe kosa ni la humu humu nyumbani," mwenye kinu alisema, akakaa.

Afisa mipango alivaa miwani yake. "Ofisi inaupitisha mpango Ijumaa saa sita mchana. Nikipata mistari ya kweli kesho jioni, kompyuta itachora upya. Nisipoipata, sina la kufanya."

"Utaipata," Chapuchapu alisema.

"Peke yako?" Kinyonga alimnong'oneza.

"Niliichora peke yangu."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa nyuma ya kinu, daftari mkononi. Alitoka na mwenye mkokoteni, akajua kwamba mkokoteni haupandi ngazi. Alitoka na mama wa mapacha mwenye ndoo kichwani, akajua kwamba barabara kuu ina malori yanayoshusha magunia, na watoto wadogo hawana pa kupisha. Kabla ya kengele ya shule alikuwa amepata nyumba tatu, na baada ya masomo akapata tatu nyingine. Wote sita walipita kwenye kichochoro kile kile. Ya saba ilikuwa ya bibi wa magongo.

"Jumatatu nilikaa mlangoni kutwa nzima," bibi alisema. "Ungenikuta."

Chapuchapu alimsogezea magongo yake. Wakaondoka, hatua tatu na pumziko, hatua nne na pumziko.

"Nikushike mkono, bibi?"

"Ukinishika mkono, gongo nitalishika na nini? Wewe tembea tu. Na usinitangulie, mimi si mbuzi wa kukokotwa."

Chapuchapu alirudi nyuma, akaupima mwendo wake kwa mwendo wa bibi. Njia ambayo yeye angeimaliza kwa pumzi moja, bibi aliikata kwa kuketi mara tatu: juu ya tofali kwenye ukuta wa kinu, juu ya debe mbele ya karakana ya seremala, na kwenye jiwe karibu na zahanati. Kila walipoketi, Chapuchapu aliandika. Jasho lilimtiririka bibi, lakini hakusema amechoka, na Chapuchapu hakuthubutu kusema yeye amechoka.

Walirejea kupitia ukumbini. Bibi alivuta kiti, akasema haendi popote mpaka aone kwa macho yake. Fundi Rangi alikuwa ameshaifunika ile mistari ya uongo kwa rangi nyeupe, nayo imekauka. Chapuchapu alipiga magoti akachora nyumba moja moja, akirudi kwenye daftari kila mara. Alikosea kona moja, akaifuta, akaanza upya. Mwisho alichora duara tatu ndogo kwenye mstari mwekundu wa bibi.

Afisa mipango alipiga picha, akasubiri, kisha akatabasamu. "Inauliza kama hizi duara ni mapipa ya taka."

"Iambie ni mimi," bibi alisema.

Hata Fundi Rangi alicheka mpaka akashika kiuno. Afisa aliandika kwamba duara ni mahali pa kupumzikia, na kompyuta ikachora tena. Safari hii kichochoro kilibaki wazi, kikiwa na viti vitatu, vibanda vikahamia upande wa pili wa kinu, na mtaro ukabaki ulivyo. Ijumaa saa sita mchana mpango ulipitishwa.

Chapuchapu alipofika nyumbani siku hiyo, alimkuta mama yake ameamka kidogo, amejilaza kwenye mkeka. Habari zote alikuwa nazo.

"Njoo ukae," mama alisema. "Mwanangu, kompyuta ile inaamini kila inachopewa, kama mtoto mchanga. Ukiipa uongo, itauchora vizuri na kuutundika ukutani. Ukweli lazima utoke kwa mtu aliyetembea. Na kazi uliyoikwepa wewe, bibi yule angeilipia kwa miguu mibovu kila siku ya Mungu. Umekosea, hilo sikufichi. Lakini ulisimama ukasema, ukarudi ukaifanya. Hivyo ndivyo mtu anavyotengeneza alichoharibu."

"Nimesikia, mama."

"Basi nilale, usiku nina unga wa kukanda."

Mama aligeukia ukuta, na pumzi zake zikawa nzito. Chapuchapu alijinyoosha kando yake mchana ule mweupe, nyayo zikimuuma, akafumba macho, naye usingizi ukamchukua.