Mtu wa Pili kwenye Akaunti

Karani wa dirisha la nne alimrudishia makaratasi yake kwa adabu nyingi, na adabu hiyo ndiyo iliyomuudhi. Pasipoti ilikuwa sawa, kibali cha kuishi kilikuwa sawa, barua ya hospitali ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni uthibitisho wa makazi: bili ya umeme au mkataba wa kupanga nyumba. Alieleza kwamba analala kwenye bweni la wafanyakazi, na kwamba kila mwenye nyumba aliyemwendea alidai kwanza namba ya akaunti ya benki ya hapahapa. Karani akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mvua, akabonyeza kitufe, namba themanini na tano ikawaka ukutani.

Mwenye makaratasi alikuwa mpiga eksirei, mwezi wake wa kwanza katika nchi ya watu. Shuleni walimpachika jina la Rula na lilimkaa, maana hakuna alichowahi kukipima kwa macho. Ukumbi ulikuwa umefurika. Akajibanza kando ya lifti iliyoachwa wazi na kuzungushiwa utepe wa njano, akafungua daftari. Humo alikuwa amechora jedwali la benki tatu: ada ya kila mwezi, akiba ya chini, makato ya kutuma pesa nyumbani, siku za kungoja kadi. Akaipiga mstari benki ya kwanza, akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa aliamini hapakuwa na wa kumwelewa:

"Ukitaka nyumba, uwe na akaunti. Ukitaka akaunti, uwe na nyumba. Wamerogwa hawa."

"Siku nyingi, dada," ikajibu sauti kutoka chini ya sakafu.

Kwenye shimo la lifti kilichomoza kichwa chenye kofia ngumu, kisha mabega ndani ya ovaroli ya rangi ya chungwa, kisha mkono wenye grisi ulionyooshwa kusalimia na kurudishwa haraka baada ya mwenyewe kuuona ulivyo. Fundi wa lifti alilitazama jedwali kichwa chini miguu juu, akasema limekosa safu moja: benki ipi karani wake anacheka. Rula akamjibu kwamba kicheko hakipimiki. Fundi akasema basi bado hajakaa ughaibuni. Yeye amekaa miaka minane, na kitu cha kwanza alichojifunza kupima ni hicho.

Alimsindikiza hadi kituoni akiwa ameshanawa mikono na kubadili shati. Siku ya pili alipiga simu kuuliza kama benki zimeondolewa uchawi. Siku ya tatu hakuwa na sababu ya kupiga, na akalisema hilo mapema kabisa: "Leo sina la maana, Bibie. Nataka tu kusikia unavyonikaripia."

Rula alikaripia, na simu ikachukua dakika arobaini.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Hospitali ilikuwa ikimpa posho ya chakula tu. Mshahara wenyewe ulisubiri namba ya akaunti, na ofisi ya utumishi ilimwandikia kwamba mwisho wa kusubiri ni mwezi wa nne. Yeye mwenyewe alikuwa na hesabu nyingine, kubwa zaidi, ambayo hakuiandika daftarini. Fundi alikuwa ametamka neno ndoa, wamekaa sebuleni kwake, Rula amevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, naye akijua kwamba limemkaa. Alikuwa hajajibu. Alitaka kuwa na uhakika, na kadiri alivyompima mtu yule hakuona ufa.

Benki ya pili ndiyo iliyokuwa benki ya Fundi. Walikwenda pamoja. Karani wa huko, mama mwenye miwani ya kamba, alicheka kweli, akatoa njia nyepesi: mteja anaweza kumwongeza mtu wa pili kwenye akaunti yake, saini mbili, siku moja, kazi imekwisha. Rula akageuka na uso uliochanua. Fundi akapapasa mifuko, akasema kitambulisho kakisahau kazini.

Wiki ile nzima alikuwa na kazi. Lifti zote za mji zilikuwa zimeharibika kwa pamoja. Simu iliita bila kupokelewa, au ilipokelewa na kukatwa kwa ahadi. Siku ya nane Rula alimfuata mwenyewe kwenye jengo alilokuwa akifanyia kazi, akamwambia ataje jambo moja tu: anataka au hataki. Fundi akasema anataka. Sauti haikufanana na maneno.

Wakarudi benki. Mama wa miwani aliitafuta akaunti ya Fundi kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Hii tayari ina watu wawili," alisema. "Kumwongeza wa tatu haturuhusu. Kumtoa mmoja, itabidi mkeo aje mwenyewe kutia saini."

Rula alikusanya makaratasi yake moja baada ya jingine, akayapanga kingo zikalingana, akatoka. Nje Fundi alimkimbilia akisema aliachana na mwanamke huyo, aliachana naye kitambo, amsikilize. Rula alimwambia asimfuate, kwa sauti ya kawaida kabisa, na Fundi akasimama palepale kwenye ngazi watu wakimpita kulia na kushoto.

Akaunti aliipata wiki iliyofuata, kwenye benki ya tatu, benki ndogo yenye madirisha mawili. Mkuu wa bweni alimwandikia barua ya makazi yenye mhuri, na benki hiyo, peke yake kati ya zote, ikaikubali. Ada yake ilikuwa kubwa na kadi ilikawia. Mshahara wa miezi mitatu uliingia kwa mkupuo. Hakufurahi hata kidogo.

Fundi alimtumia picha ya hati ya talaka. Rula aliikuza kwenye skrini, akaangalia tarehe, akaangalia mhuri, akaona kuwa ni ya kweli na ina miaka minne. Hati ilithibitisha kwamba mtu huyu hana mke. Haikueleza kwa nini alinyamaza miezi mitatu huku akimtazama mwenzake akichora majedwali. Hakujibu.

Siku ya mapumziko, mchana, akipiga pasi sare zake, ikaingia simu yenye namba ya nchi ya kwao.

"Dada, usikate," alisema mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. "Mimi ndiye yule mke wa kwenye kompyuta. Wa kwenye kompyuta tu, usijali. Mume wangu yuko hapo nje anaosha pikipiki."

Rula alizima pasi. Mwanamke akamweleza bila kuremba. Walipoachana, na yeye akarudi nyumbani, walikuwa na binti, wanamwita Kipusa. Makato ya kutuma pesa yalikuwa yakila ada ya shule kila mwezi, wakaona bora kadi ya pili ya akaunti ile ibaki kwake, atoe mwenyewe kiasi walichopatana na asizidishe. Miaka minne hajazidisha. Juzi Fundi alimwomba airudishe, nafasi iwe wazi. Amekataa.

"Umekataa kwa nini?" Rula aliuliza.

"Kwa sababu ameomba kwa woga, mdogo wangu. Anayeogopa kukutajia mtoto leo, mwakani atamsahau mtoto ili asikuudhi wewe. Kadi siitoi. Nimeiomba namba yako kwake ili nikwambie mwenyewe, usije ukaambiwa mimi mchawi."

"Una haki," alisema Rula, na alimaanisha. "Kipusa ana umri gani?"

"Tisa. Na anakujua. Baba yake kamwambia yuko anti mmoja huko, hata mkate anaukata kwa rula."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko lile la benki. Alimaliza kupasi sare zote tano, akazitundika, ndipo akampigia Fundi na kumpa saa na mahali.

Walikaa kwenye benchi nyuma ya hospitali, mahali magari ya wagonjwa yanapooshwa. Fundi alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililonyooshwa vibaya kwenye kola. Alikuwa amekonda. Rula aliliona hilo na hakuliruhusu limwamulie.

"Mtoto wako analijua jina langu," alisema. "Mimi lake nimelisikia kwa mama yake."

"Niliogopa."

"Kuogopa nimekusikia. Nauliza kwa nini."

Fundi alitazama maji ya sabuni yakitiririka kwenye sakafu. Akasema aliwahi kumwambia mwanamke mwingine habari ya mtoto mwanzoni, naye akabeba mkoba wake chai haijapoa. Safari hii aliona amzoeshe mtu kwanza.

"Anizoee, nikasema. Akishanizoea nitamwambia. Halafu kila siku nikaona kesho."

"Mimi naamua kwa ninachopewa," alisema Rula. "Ukinipa nusu, naamua kwa nusu nikidhani ni kamili. Umenifanya nikosee, na mimi sipendi kukosea."

"Najua, Bibie."

"Hujui. Ungejua usingefanya." Kisha akampa uamuzi wake: akaunti ya Fundi ibaki ilivyo, na kadi ibaki iliko. Yake mwenyewe itabaki yake, wala hataki mtu wa pili. Kuhusu ndoa hana jibu. Jumamosi anakwenda kuangalia nyumba ya kupanga, maana sasa ana namba ya akaunti. Akitaka kuja, aje.

Fundi alifika kabla yake. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu: vyumba viwili, jiko lenye dirisha linaloangaliana na ukuta, bafu lililopakwa rangi karibuni. Kodi ilikuwa ya kuhimilika, jambo ambalo Rula hakuwa amelikuta popote. Wakala, mwanamke mwenye rundo la funguo kiunoni, alitandaza fomu juu ya meza ya jiko akauliza watakaa wangapi. Rula hakujua aseme mmoja au wawili. Wakala akawatazama walivyosimama, akaandika wawili.

"Watatu," alisema Fundi.

Wakala akainua kalamu.

"Nina binti wa miaka tisa. Nataka aje likizo, na Mungu akijalia aje asome."

Wakala alishusha sauti kama anayempa ndugu yake siri. Mwenye nyumba hataki watoto. Likizo ni siku chache tu, nani atahesabu? Aandike wawili wachukue funguo leoleo. Nyumba kama hii kesho haipo.

Fundi alimtazama Rula, na Rula hakumsaidia hata kwa jicho.

"Andika watatu," alisema.

Wakala akatoka na simu yake kwenye korido. Sauti ya mwenye nyumba ilisikika hadi ndani ikipanda, ikikatika; wakala aliporudi alikuwa ameshaanza kukunja fomu. Akasema pole zao, alishawaambia. Fundi akainamisha kichwa akaanza kumwomba Rula radhi kwa kumkosesha nyumba.

Rula alimshika kiganja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya benki, akakibana.

"Ya pili iko mtaa gani?" alimuuliza wakala. "Na huko waambie kabla hatujapanda ngazi. Tuko watatu."