Binti Asiyechorwa

Kwanza kilikuwa kiti tu. Bi Kaltuma alikuwa uani akichagua mchele, jua limemfikia miguuni, akamwambia bintiye amletee la chaise apate kusogea. Shekha akakileta. Alipokwisha kukiweka chini ndipo alipotanabahi kwamba mamake, ambaye chuo chake ni cha Kurani peke yake, alikuwa ametaja kiti kwa Kifaransa.

Alicheka. Alidhani mama ameliokota kwake, kwa kuwa siku hizo Shekha alifua huku akisoma na kupika huku akisoma. Ulikuwa mwaka wa themanini na sita, na hoteli alikotandika vitanda ilikuwa imeanza kupokea Wafaransa. Meneja aliahidi kwamba msichana atakayeiweza lugha yao atahamishiwa mapokezi. Shekha aliitaka kazi ile kwa ajili ya mama. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, ndugu hakuwa naye, na katika nyumba yao ya Malindi walibaki mtu na mamake, hula pamoja na kutaniana pamoja.

Mwalimu wao, Madamu Odile, alikuwa bibi wa Kifaransa aliyenunua nyumba kuukuu ya mawe akaigeuza makumbusho ya picha. Ubao hakuwa nao. Kila Jumanne aliwatembeza wasichana wa hoteli chumba kwa chumba, akinyoosha kidole kwenye picha na kutaja kitu, nao wakiitikia: le pain, mkate, la main, mkono. Monicah, mwenzake Shekha aliyetoka Machakos, alisema lugha hii imetungwa na watu wenye mafua.

Chumba cha mwisho kilikuwa na picha moja kubwa. Mwanamke wa makamo amekaa kitini, mkono ameunyoosha kando kama anayemshika mtu bega, na penye huyo mtu hapana kitu, kitambaa kitupu. Madamu aliwaeleza kuwa picha inaitwa Mama na Binti, ila mchoraji alikufa kabla ya kumchora binti. Kisha akawauliza kimasomo: la mère ndiye huyu, la fille yuko wapi? Shekha, ambaye mzaha haumtoki mdomoni, akaenda kusimama chini ya ule mkono, akajigusa kifua, akasema c'est moi, ni mimi. Wenziwe waliangua kicheko na Madamu akampigia makofi. Wahenga walinena mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini siku ile hapakuwa na mhenga darasani.

Yale ya kiti yalikuja siku chache baadaye. Kisha ikaja harufu. Nyumba ilinuka rangi ya mafuta, nzito, mbichi, na kuta zao hazijaona rangi tangu harusi ya Bi Kaltuma. Shekha alifukiza ubani, na ubani ulipokwisha harufu ilikuwa palepale. Alasiri moja mama alimaliza sala, akageukia ukuta mtupu, akasema l'ombre, taratibu, kama anayemjulisha mtu kwa mwenziwe. Neno hilo Shekha hakulijua. Jumanne iliyofuata Madamu alinyoosha kidole kwenye weusi ulio nyuma ya yule mwanamke wa pichani, akawafundisha: l'ombre, kivuli.

Mamake alikuwa amemtangulia mwalimu.

Alitaka kuacha masomo na akashindwa, na hapo ndipo alipojua kwamba amenaswa, kwa sababu kila wiki Kiswahili cha mama kilipungua na Kifaransa kikaongezeka, na mahali pekee pa kwenda kujua mama amesema nini nyumbani ni kule kwenye picha. Akikosa Jumanne moja, mama anamwomba kitu kwa juma zima naye hajui ni kitu gani, maji au dawa au chooni, wanabaki kutazamana tu. Mwishowe Bi Kaltuma akawa hatoki kitini. Alikaa wima, mkono ameunyoosha kando, na Shekha kila akipita karibu alihisi ule mkono unamfuata.

Mwalimu wa msikitini aliletwa akasoma Yasini, na kile kilichokuwa ndani ya mama kikamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Ndipo Zubeir, nduguye Bi Kaltuma, akaenda Kakuyuni kumchukua Mzee Garama, mganga wa Kigiriama aliyesifika kwa kupunga pepo.

Mzee Garama aliweka chetezo mbele ya kiti, akatoa salamu ya waganga, taireni, na waliomo wakamwitikia kwa unyonge, za Mulungu. Akamsalimia mgeni kwa Kigiriama, kwa Kikamba, kwa Kisomali, kwa Kipemba. Mashetani wote aliokutana nao walikuwa na kabila, alisema, na kila mmoja huombwa kwa lugha yake, lakini huyu hampati. Akauliza ni nani nyumbani anayemwelewa. Wote wakamgeukia Shekha.

"Nikiuliza, geuza," alimwambia kwa sauti ya chini. "Akijibu, geuza. Usiongeze, usipunguze. Sasa muulize ni nani."

Shekha aliuliza kwa lile neno moja alilokuwa nalo, qui, nani. Mdomo wa mamake ukajibu, la mère.

"Anasema ni mama."

"Muulize ataka nini ndipo atoke."

Aliuliza. Jibu lilikuja jepesi, maneno mawili, la fille, na Shekha aliyaelewa kabla hayajakwisha kutamkwa. Akamtazama mjomba, akamtazama mganga, wote wawili wakimngoja, akaona kwamba katika chumba kile ni yeye tu anayejua kilichoombwa.

"Amesema mkate," alisema.

Zubeir alikimbilia dukani akarudi na mkate, wakauweka sahanini miguuni pa Bi Kaltuma. Hakuutazama. Kichwa chake kiligeuka polepole mpaka kikamwelekea Shekha, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Kiswahili safi cha Malindi.

"Sikusema mkate. Mganga, mkalimani wako mwongo. Mwambie aseme nilivyosema."

Shekha alilia, akasema. Ametaka binti. Mzee Garama alitikisa kichwa, akamwambia mgeni kwamba mtu hatolewi, atapewa mbuzi, atapewa shuka, atapewa marashi, mtu hatolewi. Mgeni hakubishana. Alianza tu kuibana pumzi ya Bi Kaltuma, na midomo ya yule mama ikageuka rangi.

"Shekha."

Hii ilikuwa sauti ya mama mwenyewe, ile yenye mkwaruzo, inayomwamsha kwa sala ya alfajiri, na Mzee Garama akamwambia usiitike, mwanangu, usiitike, huyo si yeye, lakini sauti ikaita tena, nyembamba zaidi, na Shekha akaziba kinywa kwa viganja vyake akijua kwamba kama huyu ni jini basi akiitika amekwisha, na kama huyu ni mamake anayekata roho akimwita mwanawe wa pekee, naye amekaa kimya mbele yake, basi akinyamaza pia amekwisha, na sauti ikaita mara nyingine ambayo haikuwa hata sauti, ni pumzi tu yenye jina lake.

"Abee, mama," Shekha aliitika.

Mkono ulionyooshwa ukaanguka. Bi Kaltuma alikohoa, akavuta pumzi ndefu, rangi ikamrudi usoni. Aliomba maji, kwa Kiswahili, na Zubeir akapiga magoti akimshukuru Mungu kwa machozi. Mama alikunywa, akamtambua nduguye, akamsalimia mganga na kumwomba radhi kwa kukutwa katika hali ile. Kisha akamwona msichana aliyekuwa amemkumbatia miguu, akamtazama kwa upole ule ambao watu wa Malindi huwapa wageni.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Mbona walia? Kwani wewe binti wa nani?"

Zubeir alimwangalia dada yake kwa hofu. Shekha alifungua kinywa ajibu, na nyuma yake, ukutani pasipo mtu, jibu likatangulia.

"Wangu."