Usizigandishe

"Sindano, wako gereji. Wawili na sanduku."

"Nawaona," Sindano aliwajibu wenzake redioni.

Aliwaona kwa jicho moja tu. La pili lilikuwa limejaa damu, na jambazi aliyempasua nyusi alikuwa amelala ngazini, usingizi wa kulazimishwa.

Toyota nyeupe ilikuwa inanguruma mlangoni. Mnunuzi, bwana wa suti aliyetoka ng'ambo asubuhi hiyo, alikuwa keshaingia kiti cha nyuma. Dereva akachomoa bastola.

Alichelewa.

Glock ya Sindano ilibweka, tairi la mbele likakaa chini. Dereva akaitupa silaha yake bila kuombwa.

"Kaka, mimi nimekodiwa tu."

"Basi kazi imekwisha. Lala chini."

Sandukuni mlikuwa na dawa yote iliyoporwa asubuhi kwenye maabara ya dada yake Sindano. Dada alikuwa mkemia. Alitengeneza vichembe vya mafuta, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni, na ndani yake akafungia dawa ili ifike kwenye ini bila kuharibika njiani. Mgonjwa wa kwanza angeipata kesho. Alikuwa binti wa dada huyohuyo, miaka minane, nyumbani wanamwita Mheshimiwa kwa jinsi anavyoamrisha watu. Ini lake lilikuwa linakufa. Daktari alishasema wazi: ikipita wiki hii, basi tena.

Sindano hakuwa na mpwa mwingine. Alifungua sanduku.

Moshi wa barafu kavu ukampiga usoni. Vichupa vilikuwa vigumu kama mawe. Akakifumbata kimoja mpaka kikayeyuka, kisha akabonyeza redio; nyingine alikuwa amemwachia dada maabara.

"Dada, imekuwa nyeupe. Kama maziwa."

"Ikiwa nzima inapitisha mwanga, ina ubuluu kidogo," dada alisema. "Hiyo, vichembe vimeshikamana. Ukimpa mtoto utamuua. Niliwaambia, mdogo wangu! Wameninyooshea bunduki, nikawaambia wekeni kwenye friji, msizigandishe. Mkubwa wao akacheka. Akasema huyu mama anatudanganya ili mali ituozee."

"Ukawaambia ukweli?"

"Mtupu. Nilitaka dawa iwe salama hata mikononi mwao. Washenzi wale."

"Unaweza kutengeneza nyingine?"

"Mafuta ninayo, dawa ninayo. Wameondoka na kichanganyio."

Sindano alikijua. Kipande cha kioo, ukubwa wa kidole gumba, chenye vijia viwili ndani. Kimoja kinapitisha mafuta yaliyoyeyushwa kwenye spiriti, cha pili dawa iliyo kwenye maji yenye uchachu. Vikikutana kwa kasi, vichembe vinajiunda vyenyewe. Ukikoroga kwa kijiko unapata uji. Dada alikichonga kwa mkono wake, na hakukuwa na kingine.

Akamgeukia mnunuzi. "Vua koti."

"Nina kinga ya kibalozi."

"Wewe unayo. Koti halina."

Kichanganyio kilikuwa kwenye mfuko wa ndani, kimeviringishwa kwenye leso ya hariri.

Redio ikakwaruza. Safari hii alikuwa Mkuu wa idara ya upelelezi.

"Nimesikia yote. Kazi safi. Hicho kioo ni ushahidi. Kifunge, kilete makao makuu, kisiguswe na mtu."

"Mkuu, kuna mtoto."

"Kuna kesi ya nchi mbili. Hii ni amri."

"Chukueni vichupa. Mchukueni bwana suti. Mchukueni dereva, ana hamu kweli ya kuongea. Hiki hapana."

"Sindano, utafukuzwa kazi."

"Nifukuzeni."

Alizima redio, akamfunga mnunuzi pingu kwenye usukani, akapanda Yamaha yake.

Maabara, dada hakusema asante. Alikiosha kioo, akaunganisha mipira ya kupitishia dawa, akawasha pampu.

"Usiniguse kiwiko," alisema tu.

Kuchanganya kulikuwa kufumba na kufumbua. Kilichowafanya wakeshe ni kuiondoa ile spiriti mpaka iishe. Asubuhi dada akainua kichupa dirishani. Mwanga ukapita, na ubuluu kidogo ukaonekana. Hapo ndipo akalia, na Sindano akalia naye. Aibu ya nini?

Hospitali, dripu ilianza kudondoka taratibu.

"Mjomba, jicho lako baya," Mheshimiwa alisema kwa sauti dhaifu. "Kaa chini. Usiguse kitu."

"Sawa, Mheshimiwa."

Alikaa mpaka dripu ikaisha na daktari akaitikia kwa kichwa kwamba mambo yanakwenda vizuri. Dada alikuwa amesharudi kazini. Sindano akatoka koridoni. Mkuu alikuwa anamsubiri na askari wawili.

"Dereva amemwaga kila kitu," Mkuu alisema. "Genge lote liko ndani, na mnunuzi pia. Kioo kiko wapi?"

"Maabara. Kinatengeneza dozi ya pili."

"Dozi ngapi?"

"Mpaka apone."

"Amri yangu haijabadilika."

Sindano alitoa Glock, akatoa kitambulisho, akaviweka vyote kwenye kiganja cha Mkuu. Askari mmoja akatazama viatu vyake.

"Sasa mimi ni raia," Sindano alisema. "Raia mwenye dada. Ukikitaka kioo, njoo ukichukue. Ila jana majambazi walimkuta yuko peke yake. Leo nitakuwa mlangoni."

Akawapita katikati, bila haraka, akaelekea maabara.