Alama za Vidole Shingoni

Kila siku baada ya shule, Sindano alipitia kibandani kwa mama yake mdogo, fundi cherehani, akafanya kazi za shule juu ya meza ya kukatia vitambaa. Jina hilo alipewa na mama mdogo mwenyewe, kwa wembamba wake na ulimi wake uliochoma.

Siku moja ya joto kali, mama mdogo alikuwa amejifunga mtandio shingoni. Alipoinama kuokota mkasi, ukateleza. Sindano akaona alama nne za vidole. Mama mdogo akamsihi asimwambie mtu: mumewe alikuwa na hasira tu, na mambo ya ndani hayatoki nje.

Sindano hakutulia. Mwaka uliopita, msusi wa kibanda cha jirani aliuawa na mumewe. Mume huyo alianza kwa kumnyang'anya mkewe simu, akamkataza kuwatembelea ndugu zake, kisha akamkaba koo. Msusi alipofungasha aondoke, akamuua. Watu wakasema ni wivu wa mapenzi. Na sasa simu ya mama mdogo ilikuwa mfukoni mwa mumewe, na kwa dada yake, mama wa Sindano, alikuwa hafiki tena.

Jioni hiyo Sindano alimweleza mama yake kila kitu. Mama alikuwa muuguzi. Alijua kwamba anayekaba leo anaweza kuua kesho, na kwamba hatari huzidi mwanamke anapoondoka. Kwa hiyo hakumwacha mdogo wake aondoke peke yake. Walikwenda kituoni kushtaki, kisha askari wawili wakawasindikiza kuchukua nguo zake mume akiwa hayupo, akahamia kwa dada yake.

Siku ya tatu, mchana, mume akatokea kibandani kabla askari hawajamkamata. Mafundi na wauza mboga wa jirani walikuwa wamemwona akija, wakajipanga mlangoni, na mmoja alikwisha kupiga simu polisi.

"Nipisheni," alisema. "Haya ni mambo ya nyumba yangu."

"Hata ya msusi tuliambiwa ni ya nyumba yake," Sindano akajibu kutoka nyuma yao.

Hakuna aliyesogea hata hatua moja. Askari walipofika, mume alikuwa bado anafoka, wakaondoka naye.

Sindano alimwomba mama mdogo radhi kwa kutoboa siri. Kabla hajajibiwa, mama yake akasema, "Mwanangu, siri inayoweza kuua mtu haitunzwi. Na wivu hauui. Anayeua ni mtu, naye huonyesha dalili mapema. Anayeziona aseme, awe mkubwa au mtoto. Msusi tulimzika kwa sababu tulinyamaza. Hatuziki wa pili."